Mkono umevimba baada ya kujidunga unga, anaogopa hospitali kwa sababu ya polisi

Mtumbwi:
Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Rafiki yangu alijidunga unga (heroini) juzi usiku kwa sindano aliyochangia na mwenzake. Leo kiwiko kimevimba, kina moto, na tangu asubuhi anatetemeka. Hospitali hataki hata kusikia, anasema daktari akijua tu ataita polisi. Ananiomba nimtafutie antibayotiki amezee nyumbani. Nifanyeje?

Zamu ya Usiku:
Aende leo, mkuu. Kama kuna usaha ndani, vidonge peke yake havitoshi. Jipu hupasuliwa na kusafishwa. Asilikamue wala kulitoboa mwenyewe, hapo kiwikoni kuna ateri na neva. Kinachotisha zaidi ni huko kutetemeka, maana bakteria huenda wameshaingia kwenye damu, na wakitoka hapo wanaweza kwenda kukaa kwenye vali za moyo. Akianza kuhema haraka au kuongea mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Kabla hamjatoka, chukua kalamu uchore mstari kuzunguka uvimbe na uandike saa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo papasa kwa mgongo wa kiganja na ufuate joto na ugumu vinapoishia. Daktari ataona umesambaa kwa kasi gani.

Halafu hiyo sindano ya kuchangia. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Tangu juzi usiku, muda mwingi umeshaliwa. Humezwa siku 28 bila kuruka. Aombe pia kupimwa homa ya ini B na C. Ya B ina chanjo, na huweza kutolewa hata baada ya tukio.

Mizani:
Kuhusu polisi: siri ya mgonjwa ni wajibu wa daktari, lakini sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo aulize kwanza: "Nikikueleza, yanabaki hapa?" Dirishani anapojiandikisha inatosha kusema mkono umevimba na ana homa. Habari ya sindano aiseme faragha kwa daktari. Alipoununua na nani alikuwepo si sehemu ya matibabu. Na asiingie na unga wala sindano mfukoni. Kukutwa nayo ni kesi nyingine kabisa, na sindano inaweza kumchoma nesi.

Lakini asifiche alichotumia, lini, na kama alichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Dawa za maumivu na za usingizi hupimwa kwa kuzingatia hayo. Kama ncha ya sindano ilikatikia ndani, aseme kabla hajapasuliwa.

Zamu ya Usiku:
Naongezea arosto, yaani mwili kuugua unapokosa unga, maana ndiyo huwafanya wengi watoroke wodini kabla dripu haijaisha. Kwa heroini huanza saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho. Aseme mapema, apewe methadoni au dawa nyingine ya kuituliza.

Mtumbwi:
Amekubali, mradi niingie naye. Je, akijidunga tena njiani ili asitetemeke?

Mizani:
Ingia naye. Na akijidunga, usimwache peke yake. Ukiona anakoroma kwa sauti ya kububujika, midomo imebadilika rangi na hashtuki ukimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, piga simu ya dharura useme "hapumui vizuri". Hiyo sentensi inatosha kuleta gari. Mpulizie pumzi 1 kila sekunde 5. Kama naloksoni (dawa ya kuondoa makali ya heroini mwilini) ipo, mpe. Asipoanza kupumua vizuri baada ya dakika 2 au 3, rudia. Akizinduka msiondoke: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kumzamisha tena.

Mtumbwi:
Tunatoka sasa hivi. Mstari nimeuchora.