Bendera bado iko nusu mlingoti wiki tano baada ya Baba Raila kuzikwa, na hiyo si heshima

Watu wa Kisumu, nimevumilia hadi nimechoka. Duka langu la fotokopi linatazamana na ofisi moja ya umma huku upande wa Kondele. Mbele ya ofisi hiyo kuna bendera ya taifa iliyoteremshwa Oktoba 15, 2025, siku tulipopata habari kwamba Raila Odinga, waziri mkuu wetu wa zamani tuliyemwita Baba, amefia India. Rais alitangaza siku 7 za maombolezo. Baba akaletwa, tarehe 18 tukamwaga pale uwanja wa Mamboleo, tarehe 19 akazikwa Kang'o ka Jaramogi kule Bondo. Siku 7 zikatimia. Leo ni wiki ya tano na bendera bado iko palepale katikati ya mlingoti.

Na msidhani kuna mtu humo ndani ameamua kumlilia Baba kuliko sisi wengine. Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Ni kwamba hakuna anayeitazama. Inalala nje usiku kucha, mvua inainyeshea, ncha ya ule upande wa kijani imechanika nyuzinyuzi. Juzi upepo wa ziwa uliizungusha kwenye mlingoti mpaka ngao na mikuki havionekani. Ilikaa hivyo siku mbili. Niliiona kila nikiinua macho kutoka kwenye mashine.

Siku ya tatu nikavuka barabara. Askari wa langoni, kijana mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, mimi nalinda geti tu, kamba hiyo si yangu." Nikaingia ndani. Karani akanijibu bila kuinuka: "Mama, sisi tunangoja barua. Iliteremshwa kwa amri, itapandishwa kwa amri." Nikamwambia, mwanangu, amri ilisema siku 7, na anayejua kuhesabu saba anajua siku ya nane afanye nini. Akaniambia nirudi Jumatatu mkubwa akiwepo. Nimerudi Jumatatu mbili. Mkubwa yuko mkutanoni.

Marehemu baba yangu alikuwa askari tawala. Tulikulia kwenye kambi za maboma, na nimeona bendera ikipandishwa na kushushwa kabla sijajua kusoma. Bendera ya msiba haivutwi hadi katikati ikafungwa hapo. Kwanza inapelekwa juu kabisa, inaguswa kileleni, ndipo inateremshwa polepole hadi nusu. Jioni vilevile: inarudishwa juu kwanza, ndipo inashuka yote, inakunjwa na kuingizwa ndani. Asubuhi unaanza upya. Kwa hiyo bendera ya msiba inataka mikono zaidi kuliko bendera ya siku ya kawaida, na taabu hiyo ya kila siku ndiyo rambirambi yenyewe. Ukiifunga ukaenda zako, hujamheshimu mtu.

Wengi wenu mnaijua ile filimbi ya saa kumi na mbili jioni, bendera inaposhushwa. Ikilia karibu na kituo cha polisi au ofisi ya chifu, wa boda anazima pikipiki, mama wa omena anasimama na beseni lake kichwani, watoto wanaganda. Ole wako ukitembea. Wapo waliochapwa kwa kutosimama. Tuna Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, ya kumwadhibu mwananchi anayedharau alama za nchi. Sasa nauliza: ofisi ya umma ikiiacha bendera ioze kwenye kamba, nani anayeadhibiwa?

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka Kondele na kwenda mbali zaidi. Nchi hii haina kipimo kinachojulikana na kila mtu cha nani ateremshiwe bendera na kwa siku ngapi. Kila mara ni tangazo jipya kutoka Ikulu, na kila tangazo lina hesabu yake. Mzee Moi alipofariki mwaka 2020, nusu mlingoti hadi akazikwa Kabarak. Kibaki mwaka 2022, hadi jua likatua siku ya maziko yake Othaya. Hao walikuwa marais, sina neno. Jenerali Ogolla wetu wa Alego, mkuu wa majeshi aliyeanguka na helikopta akiwa kazini Aprili 2024, siku 3. Wangari Maathai, mama aliyepigwa rungu akiutetea msitu wa Karura, Mwafrika wa kwanza wa kike kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, siku 2. Malkia Elizabeth wa Uingereza, siku 4.

Someni tena hapo. Maathai mbili, Malkia nne. Sichukii wafu na sina ubaya na marehemu yeyote, lakini nani aliketi akaona hesabu hiyo ni sawa?

Na kuna jambo lingine ambalo halijawahi kunitoka moyoni. Februari 3 mwaka 2020, jioni, watoto 14 walikufa kwenye mkanyagano wa ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega wakitoka darasani. Nilikuwa na mtoto wa rika hilo. Usiku ule sikulala, nilimshika mkono hadi kukapambazuka. Asubuhi, tarehe 4, redio ikatangaza kifo cha Mzee Moi, na tangazo la kuteremsha bendera likatoka kwa jina lake. Bendera ileile, wiki ileile, wazazi wa Kakamega waliipita wakienda kuwazika watoto wao, na haikuwa imeteremshwa kwa ajili yao. Ingepungukiwa nini nchi kuongeza mstari mmoja kwenye tangazo lile? Kwa watoto 21 walioungua bwenini Endarasha, Nyeri, mwaka 2024 tulitangaziwa siku 3, na ilikuwa haki yao. Kwa hiyo inawezekana. Inategemea tu aliyeshika kalamu siku hiyo.

Wenzetu wameandika mambo haya. Marekani sheria yao inasema: rais aliyeko au mstaafu akifa, siku 30. Makamu wa rais aliyeko madarakani, jaji mkuu au spika, siku 10. Mbunge, siku anayokufa na siku inayofuata. Jimmy Carter alipofariki Desemba 29, 2024, siku zake 30 ziliangukia juu ya kuapishwa kwa Trump Januari 20. Trump alilalamika. Bendera za Bunge lao zilipandishwa kwa siku ile moja ya kiapo, kisha zikateremshwa tena hadi hesabu ya marehemu ikatimia. Kila mlinda mlingoti alijua mwisho ni lini bila kungoja barua ya mtu.

Mimi nataka hicho tu. Iandikwe: rais siku kadhaa, mkuu wa majeshi siku kadhaa, shujaa asiye na cheo siku kadhaa, na msiba wa wananchi wa kawaida wanapokufa wengi kwa pamoja, siku kadhaa. Itajwe tarehe ya kuteremsha na tarehe ya kupandisha, na itajwe ni nani katika kila ofisi anayeshika kamba. Na asiwepo wa kuniambia ati ni jambo dogo, tuna njaa na karo. Karo nalipa. Bendera hii ndiyo iliyofunika jeneza la Baba pale Mamboleo, na watu walizimia wakijaribu kulikaribia.

Kesho asubuhi ninarudi pale na barua niliyopiga chapa mwenyewe, nakala tatu, na sitoki hadi igongwe muhuri wa kupokelewa. Wewe uliye Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega au Nakuru, pita mbele ya ofisi iliyo karibu nawe, kisha uandike hapa chini: bendera yenu ilipandishwa tarehe ngapi, na nani aliipandisha?