Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo: akae kimya kama refa, au amsaidie asiye na wakili kuuliza? Tujadili

Kijana wa Bondeni (mleta mada):
Wakuu salama? Kuna jambo limenikaa kooni karibu mwezi sasa, naomba tulijadili kwa utulivu maana linagusa watu wengi kuliko tunavyodhani. Mahakama ya Mwanzo ndo mahakama ya mtu wa kawaida hapa Tanzania, ndoa inavunjwa pale, mirathi ya kimila na ya Kiislamu inafunguliwa pale, deni, kutukanana, kupigana kilabuni, vyote pale. Na miaka yote wakili alikuwa haruhusiwi kusimama mle ndani wala mwendesha mashtaka, ni wewe na mwenzako, hakimu na wazee wa baraza basi, na lugha ni Kiswahili. Halafu mwaka 2021 Bunge likarekebisha kifungu cha 33 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, wakili akaruhusiwa kuingia pale anayesikiliza ni hakimu mkazi, yaani mwenye shahada ya sheria. Sipingi. Ninachouliza mimi, wakili akishakuwepo upande mmoja na upande wa pili hakuna, hakimu anabaki kuwa nani?

Niwaeleze nilichokiona. Mama yangu mdogo aliuza gunia 28 za mpunga kwa mkopo, akalipwa laki tatu za mwanzo, baada ya hapo simu haipokelewi. Akafungua kesi ya madai. Siku ya kusikilizwa mwenzake kaja na wakili, yeye kaja na kaunta buku alilonyang'anya kwa mjukuu, ndani kaandika tarehe na idadi ya gunia kwa kalamu ya risasi. Zamu ya mdaiwa ikafika, kaapa, kasema hajui habari ya mpunga wowote. Hakimu akamgeukia mama mdogo, "una swali kwa shahidi?" Akasimama akajifunga kanga vizuri akasema, "muongo huyu, laki tatu alinipa mwenyewe mkononi pale kwenye mashine ya kukoboa." Hakimu, "mama uliza swali, usitoe ushahidi." Akarudia vilevile, safari hii kwa sauti kubwa. Akaambiwa vilevile. Mara ya tatu akanyamaza, akawa anatuangalia sisi huku nyuma. Hakimu akaandika kwenye faili, akasema "hana swali," shahidi akashuka.

Wakuu, swali lilikuwepo! Ilikuwa ni hakimu kusema tu, "mama anakuuliza, ulimpa laki tatu pale mashineni au hukumpa?" Mtu kaapa, ajibu. Akikubali, aeleze laki tatu ilikuwa ya nini kama hajui mpunga. Akikataa, kuna mtoto wa mama mdogo alikuwepo siku ile. Kesi ilikuwa imekaa kwenye hilo tu na likapita hivihivi kwa sababu mwanamke wa miaka 61 hajui kugeuza sentensi yake iwe swali.

Kesi kashindwa, rufaa imeshapelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya zile siku 30, kwa hiyo sitataji mahali wala mtu na siombi mumhukumu yule hakimu. Naomba tujadili kazi yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba hakimu wa mwanzo hakuwekwa pale kuwa refa, aliwekwa aulize.

Wakili Mchanga:
Pole sana kwa mama. Nakujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako ni nzito, lakini nina wasiwasi na inakoelekea. Hakimu akishaanza kumuundia mtu mmoja maswali, yule wa upande wa pili anaona kabisa ana wapinzani wawili, mmoja kwenye benchi na mwingine mezani juu. Katiba ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na yule mdaiwa naye ni mtu, hata kama wewe unamuona tapeli. Mimi mwenyewe nimeona hukumu nzuri tu inatenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ukisoma mwenendo, yaani yale yaliyoandikwa kesi ikisikilizwa, unaona hakimu ndo kauliza kila kitu na kahoji kwa ukali, mlalamikaji kakaa tu.

Halafu tuambizane ukweli, mawakili hawakuanza 2021. Walikuwepo siku zote, ila walikuwa nje. Mwenye hela alikuwa anaandikiwa kila kitu usiku, asubuhi anakuja kusoma karatasi ambayo yeye mwenyewe haielewi na hakimu hana wa kumuuliza maana aliyeandika hayupo. Sasa hivi angalau anasimama anaonekana, akidanganya sheria anakosolewa hapohapo. Na mahakimu wanaoajiriwa siku hizi wana shahada, wengine tulikaa nao darasa moja, sio kwamba watatishwa na suti yangu.

Mama Tatu:
Ndugu wakili nimekusoma lakini acha nikwambie kilichonikuta mimi. Talaka yangu ilisikilizwa Mahakama ya Mwanzo, baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kutupatanisha wakatoa hati yao. Mume wangu wa zamani akasema nyumba kajenga peke yake kwa mshahara wake, risiti zote za saruji na mabati zina jina lake, na ni kweli zina jina lake. Nilipoulizwa kama nina swali nililia tu, sina hata la kusema. Hakimu akasubiri nikamaliza kulia, akamgeukia yeye akamuuliza, "mafundi walikaa muda gani?" Akajibu miezi minne. "Walikuwa wanakula wapi?" Kimya. "Nauliza walikuwa wanakula wapi." Akasema, "nyumbani." "Maji ya kufyatulia tofali nani alikuwa anachota?" Hapo mzee wa baraza mmoja akainamisha kichwa akaanza kuandika.

Maswali matatu tu. Hakunipendelea, kauliza na mimi pia, kaniuliza mbona nilichukua vyombo na kitanda bila kusema, nikajibu ukweli. Nikapata fungu langu. Sasa angekaa kimya kama refa mimi leo ningekuwa wapi na wanangu watatu?

Mzee wa Kijiwe:
Mama Tatu hongera, hakimu wako aliielewa sheria. Kwa wasiojua, hili la kazi ya nyumbani kuhesabika kwamba ni mchango lilitokana na kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Na ile kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo hapahapa, ikasema mama hana fungu kwa sababu ni mke tu. Mahakama Kuu nayo ikakubali hivyohivyo. Mpaka ilipofika juu kabisa ndo ikasemwa kupika, kufua na kulea ni kuchangia. Kwa hiyo tusiwape mahakimu wa mwanzo sifa zote, wanaweza kukosea na mtu akazunguka nayo miaka.

Na mimi naona tatizo kubwa ni kwingine kabisa, nani anamsimamia huyo hakimu. Kamati ya maadili ya mahakimu wilayani mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, mkoani ni mkuu wa mkoa. Huyo ni mteule wa Rais upande wa serikali. Uhuru wa mahakama wa ibara ya 107B ya Katiba unakaaje hapo?

Mtoto wa Karani:
Ongezea tu mzee wangu, Bi Hawa mwenyewe mwisho wa siku hakupata kitu, mahakama ilisema alishapewa hela na mumewe, na yeye mwenyewe mama akaitumia vibaya. Kanuni ndo ilibaki, ikawafaa waliokuja nyuma yake.

Kijana wa Bondeni (mleta mada):
Mzee wa Kijiwe hilo la kamati ni kubwa na mimi nakubaliana nawe, ila naomba lifunguliwe mada yake, tukilichanganya hapa la mama mdogo litapotea.

Wakili Mchanga ahsante, hilo la kuandikiwa usiku sikulifikiria na umenipunguzia ukali. Lakini angalia ulichokisema na alichokisema Mama Tatu. Wewe unaongelea hakimu anayehoji kwa ukali mpaka anakuwa mlalamikaji. Yule wa Mama Tatu kauliza pande zote mbili, na kauliza kitu ambacho yeyote angetaka kukijua kabla hajagawa nyumba. Tofauti yake naiona kubwa tu. Kuna kuuliza ili mtu ashinde na kuna kuuliza ili wewe unayeamua ujue kilichotokea.

Na kuna kitu kingine nilikiona siku ile nikakitafuta baadaye. Wakili wa yule bwana alilikataa lile kaunta buku kwa kutaja Sheria ya Ushahidi ya 1967, akataja vifungu haraka haraka, hakimu akaandika. Kumbe ile sheria haitumiki kabisa Mahakama ya Mwanzo! Kule kuna kanuni zake za ushahidi, Tangazo la Serikali (GN) namba 22 la 1964, zimeandikwa kirahisi makusudi ili mtu asiyesoma sheria aweze kuzifuata. Sasa mama mdogo angejulia wapi? Aliyepaswa kusema "wakili, hapa hiyo haipo" ni mtu mmoja tu kwenye kile chumba.

Kwa hiyo ninachotaka kiwe lazima, na kiandikwe kwenye mwenendo, ni kwamba upande mmoja ukiwa na wakili na mwingine hana, hakimu amueleze huyo asiye naye jinsi ya kuuliza, na akisema maneno yasiyo swali hakimu ayageuze yawe swali, kwa pande zote sawasawa. Wilaya wakiita faili walione limefanyika au halikufanyika.

Wakili Mchanga:
La kugeuza maneno kuwa swali, kwa pande zote, hilo nalikubali na wala sioni kama linahitaji Bunge, hakimu anaweza akalifanya kesho asubuhi. La GN 22 uko sahihi kabisa na nasikia aibu kwa niaba ya mwenzangu. Hakikisha limo kwenye sababu za rufaa.

Dada wa Mwisho:
Samahanini nimewasoma wote na mimi nina shida ya haraka. Baba yangu ana kesi ya madai Mahakama ya Mwanzo Alhamisi hii, masikio yake hayasikii vizuri na wakili hatumuwezi. Mimi naweza kusimama badala yake au hairuhusiwi?

Mtoto wa Karani:
Inaruhusiwa dada, kifungu hichohicho cha 33. Kesi ikiwa ya madai, ndugu au mtu anayeishi nyumba moja na mhusika anaweza kuruhusiwa kumsemea, ila lazima mzee mwenyewe aombe kwa hakimu, wewe usimuombee. Kwenye jinai hiyo ruhusa haipo. Nendeni mapema mmuone karani kabla majina hayajaanza kuitwa, mwambieni mzee hasikii vizuri na anataka kuomba binti yake amsemee, na jina lenu likiitwa tu mzee asimame aombe kabla shahidi hajaapishwa.

Kijana wa Bondeni (mleta mada):
Dada, na usiku wa kuamkia Alhamisi kaa na baba muandike kwenye karatasi kila jambo ambalo yule wa upande wa pili anaweza akadanganya, mbele yake weka "je, ni kweli kwamba", mwisho weka alama ya kuuliza. Sisi hatukulijua hilo.