Naomba ushauri: triathloni ya kwanza na michango ya viti vya magurudumu

Hamjambo wenzangu. Niko Kisumu, najiandaa kwa triathloni fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Nachangisha pesa za viti vya magurudumu kwa watoto wenye ulemavu hapa Nyalenda.

Kukimbia sina shida, na mlima wa Riat naupanda kwa baiskeli bila kushuka. Taabu ni maji. Ziwani kuna viboko na kichocho, kwa hivyo najifunza kwenye bwawa. Kabla sijamaliza urefu mmoja shingo inakakamaa, pumzi inakata, nabaki kushika ukingo. Nifanye mazoezi gani?

Na michango je, nifungue paybill (namba maalum ya M-Pesa ya kupokea malipo), au mweka hazina apokee kwa M-Pesa ya simu yake? Nataka kila shilingi ionekane.