Nina miaka 46, kamera ndiyo kwanza imeniteka. Ninunue au nibaki na simu?

Mama Ngalawa: Jamani, hamjambo humu. Mimi ni muuguzi, nipo Tanga. Nje ya kazi na watoto sijawahi kuwa na kitu changu. Tangu nipate simu yenye kamera nzuri, nikitoka zamu ya usiku napitia ufukweni ngalawa zinapoingia, napiga picha. Imekuwa ugonjwa. Jua likigonga ukuta tu, nasimama njiani.

Kuna kijana anauza Canon 700D ya mtumba na lenzi ya 18–55, anataka laki saba. Baba watoto anasema kama sifungui studio ni kuchezea hela, ada zinakuja. Harusi na pasipoti sizitaki. Nishaurini.

Mzee wa Hesabu: Shemeji yetu yuko sahihi. Piga sendofu na kipaimara, kamera ijilipe.

Mama Ngalawa: Nikishaanza kudaiwa picha na watu, ngalawa nitaziona saa ngapi?

Binti Magomeni: Shikamoo mama. Mtafute Vivian Maier, yaya wa Chicago. Alilea watoto wa watu, akapiga zaidi ya picha laki moja mitaani bila kuziuza. Dunia ilianza kumjua baada ya vitu vyake kupigwa mnada 2007, akiwa kikongwe.

Mzee wa Hesabu: Malizia basi. Vilipigwa mnada kwa sababu kodi ya stoo ilimshinda.

Binti Magomeni: 😂 Haya mzee.

Fundi Lenzi: Shikamoo mama. Hiyo kamera ilitoka 2013, bado inafaa sana. Ila kabla ya kutoa hela, uliza shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha, imebofywa mara ngapi. Bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za daraja hilo hukadiriwa kwenda kama mibofyo laki moja. Halafu ichomoe lenzi, imulike na tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hao ni fangasi. Huku pwani unyevu unaua lenzi kuliko vumbi. Ukinunua usiifungie kabatini kwenye begi la ngozi. Weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Pwani Tulivu: Wavuvi nao waombe ruhusa kwanza, na siku moja moja wasafishie picha uwapelekee. Wodini usipige kabisa, najua unajua.

Mama Ngalawa: Mrejesho: nimekwenda na tochi, fangasi wamo. Kijana kashuka hadi laki tano. Baba watoto kaisikia bei mpya, safari hii hakubisha, kauliza tu betri ni ngapi.

Fundi Lenzi: Mwachie lenzi yake. Chukua bodi peke yake kwa laki tatu na nusu, utafute lenzi ya 50mm f/1.8 iliyo safi. Na betri ziwe mbili.