Samaki wangu kangaja wa bluu anahema mbio na haachani na pampu, shida nini?

samaki_chumvi

Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada wa haraka maana hapa nimechanganyikiwa kabisa. Nina tangi la maji chumvi lita 400, lina mwaka na nusu sasa, ndani kuna kangaja wa bluu (Paracanthurus hepatus), klauni wawili, gobi mmoja, kamba wasafishaji wawili, konokono na matumbawe laini kadhaa. Muda wote huo sijapoteza samaki hata mmoja. Juzi kangaja alikula vizuri tu, ananyang'anya wenzake nori (mwani mkavu) kama kawaida yake, jana jioni nikamkuta amesimama mbele ya pampu ya mkondo anaogelea kwa nguvu lakini haendi popote, nikajua anacheza na maji kwa hiyo nikaenda kulala. Leo asubuhi yupo palepale, mdomo wazi, anahema mbio, chakula nimeweka kimempita usoni hajakigusa. Mara mbili nimemwona anajisugua kwenye jiwe halafu anarudi kwenye pampu. Doa hana hata moja, rangi imefifia kidogo tu.

Nimepima maji: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 10, pH 8.1, chumvi 1.025, joto nyuzi 26. Yaani maji yapo sawa kabisa, sasa samaki anaumwa nini? Nina dawa ya kopa (shaba) kabatini, nimwage humohumo tangini?

pezi_refu

Pole sana mkuu. Usiogope, kangaja wa bluu ndo walivyo, wana presha sana. Wangu mwaka jana nilimkuta amelala ubavu nyuma ya jiwe, amepauka, nikajua kesha kufa, kumbe amelala tu, taa ilipowaka akaamka akala. Mloweshee nori kwenye kitunguu saumu, zima taa, mpe siku mbili tatu atulie. Kama hana madoa hana ugonjwa.

bi_matumbawe

pezi_refu samahani, nakuheshimu ila hapo umekosea na kosa lenyewe linaweza kuua tangi zima. Kulala ubavu ni tabia ya kangaja wa bluu, kujibana kwenye mwamba na kupauka usiku pia ni tabia yake, hapo uko sahihi kabisa. Lakini kuhema mbio mchana huku amekataa kula si tabia ya samaki yeyote. Na hilo la madoa ndo linaponza watu wengi, kuna magonjwa yanaanzia kwenye matamvua (sehemu anazohemea) na samaki anaweza kufa ngozi yake safi kabisa hujaona hata punje.

samaki_chumvi, KOPA USIIMWAGE HUMO. Itaua kamba na konokono, matumbawe nayo yatafuata, na mawe na mchanga vitainyonya hata usiweze kushika kipimo. Ifungie kabatini kwanza.

Sasa nijibu haraka mdogo wangu. Chukua saa uhesabu matamvua yanafunguka mara ngapi kwa dakika, kangaja na klauni wote. Kamba na konokono wakoje, wanatembea na kula kama kawaida? Jana au juzi kuna mtu kapuliza dawa ya wadudu au manukato au kapaka rangi karibu na tangi? Asubuhi wanahema zaidi kuliko jioni au ni sawasawa? Na la mwisho, ambalo huwa watu wanaliacha, mara ya mwisho kuingiza kitu kipya humo ni lini, samaki, tumbawe, hata jiwe.

samaki_chumvi

Asante dada. Kangaja nimehesabu mara tatu, 140, 138, 144. Klauni mkubwa 110, mdogo 130 na saivi naona mdogo naye ameanza kukaa juu karibu na pampu, jana hakuwa hivyo. Kamba wako poa kabisa, nimeweka chakula wamekuja mbio, konokono wanatembea. Hakuna aliyepuliza kitu. Asubuhi na sasa naona sawa tu, tena nimeinua pampu ivuruge uso wa maji kama saa moja hivi, sioni tofauti.

Kipya ni yule gobi, nimemweka siku 8 zilizopita. Karantini sikumfanyia, alikuwa mzima anakula dukani na hata sasa anakula. Sikufikiria kama inaweza kuwa yeye.

bi_matumbawe

Haya, sasa tunaweza kuongea. Nakuandikia kwa kirefu lakini wewe anza kutafuta ndoo na tangi la pembeni huku unasoma.

Samaki anayehema mbio ana moja kati ya haya, ama maji hayana oksijeni ya kutosha, ama maji yana sumu, ama matamvua yenyewe yameharibika hata maji yakiwa mazuri hayachukui kitu. Oksijeni ingekuwa shida ungeona asubuhi ni mbaya zaidi, maana usiku mwani na matumbawe vinatumia oksijeni badala ya kuitoa, na kuvuruga uso wa maji kungewapa nafuu kidogo. Maji chumvi ya nyuzi 26 hata yakijaa oksijeni hayafiki miligramu 7 kwa lita kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo, ila kwako haielekei huko. Sumu nayo, kamba ndo wangekuambia, hawa wanaanguka mapema sana kwenye kopa na dawa za wadudu, wako wanakimbilia chakula. Amonia umepima 0. Inabaki matamvua, na imeanza kwa mmoja ikahamia kwa mwingine ndani ya siku moja, wiki moja na kitu baada ya samaki mpya. Hiyo ni vimelea.

Vimelea gani sasa. Madoa meupe ya kawaida, Cryptocaryon, yanakuja kama chembe za chumvi unazoweza kuhesabu, samaki mara nyingi bado anakula, madoa yanadondoka siku chache halafu yanarudi mengi zaidi, watu wanadhani amepona kumbe mdudu yuko kwenye mchanga anazaliana. Minyoo ya matamvua nayo inahemesha na kusugulisha lakini mara nyingi inakwenda polepole kuliko hivi. Ila samaki kusimama kwenye mkondo mkali wa pampu na kukataa kula ghafla huku anahema 140, mimi naita velveti mpaka nithibitishiwe vinginevyo. Jina lake Amyloodinium, ni kimelea cha chembe moja, kinaingia kwenye matamvua kwanza, kikishashiba kinadondoka chini na kimoja kinaweza kutoa watoto hadi 256, mzunguko wote kwenye joto kama lako haufiki hata wiki. Ndo maana samaki anakula juzi na kesho kutwa hayupo. Anasimama kwenye pampu kwa sababu maji yanasukumwa yenyewe kwenye matamvua, anapunguziwa kazi ya kuhema. Hachezi.

Gobi kuwa mzima usishangae, samaki anaweza kuwa na vimelea vichache kwenye matamvua na akala na kutembea vizuri kabisa.

Fanya hivi kuthibitisha lakini isikuchukue zaidi ya dakika tano: zima taa zote, chukua tochi, mmulike kangaja kutoka ubavuni au juu kidogo, usimmulike usoni. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu au kijivu kama amepakwa unga, hasa kwenye mapezi, imethibitika. USIPOLIONA bado mtoe, kwa kuhema huko vumbi likionekana mara nyingi umeshachelewa.

fundi_filta

Naunga mkono yote. Naongeza mawili tu. Kwa klauni kuna kitu kingine kinaitwa Brooklynella, kinawapenda sana klauni, kinaua haraka hivohivo lakini kinatoa ute mwingi mweupe, ngozi inaonekana kama inavuliwa. Angalia klauni wako, ikiwa ute ni mwingi kopa HAIFANYI kitu kwa Brooklynella, hapo utahitaji dawa nyingine kabisa, kwa hiyo usiwaweke kwenye kopa ukajua umemaliza.

Pili kangaja usimkamate kwa wavu. Ana mwiba mkali kama kisu pande zote mbili za shina la mkia, kinanasa kwenye wavu na unamuumiza na yeye anakuumiza. Tumia chombo cha plastiki, mwingize humo taratibu taa zikiwa zimezimwa.

bi_matumbawe

Umesema kweli fundi, hilo la klauni nililisahau.

samaki_chumvi, tangi la hospitali, yaani lile la pembeni la kuwatibia, likiwa hata lita 80 linatosha kuanzia, weka hita, sponji ya filta, jiwe la hewa linalobubujika kwa nguvu, vipande vya bomba la plastiki wajifiche. Mawe na mchanga usiweke, vinanyonya dawa. Kabla ya kuwaingiza unaweza kuwapa bafu la maji yasiyo na chumvi, joto lilelile na pH ileile (soda ya kuokea inapandisha), yatiwe hewa kwanza, dakika 3 mpaka 5 ukiwa umesimama hapohapo, akilegea kabisa mtoe. Bafu linapunguza mzigo tu, halitibu, vilivyozama ndani ya matamvua havitoki. Lakini kama ni minyoo ya ngozi utaiona imegeuka nyeupe inadondoka chini ya ndoo, kwa hiyo linakusaidia na kujua.

Kopa soma chupa ni ya aina gani. Ile iliyofungwa na kemikali nyingine inafanya kazi kwenye miligramu 2.0 mpaka 2.5 kwa lita, ile isiyofungwa kipimo chake ni kidogo zaidi sana, fuata chupa, ukichanganya hesabu unaua. Nunua kipimo kinachoendana na kopa yako. Ipandishe ndani ya siku moja mpaka mbili, halafu isishuke kwa siku 30. Ikishuka siku moja tu, siku 30 zinaanza upya. Na ile dawa ya kufunga amonia usiitumie pamoja na kopa, kopa inageuka kali zaidi, badilisha maji tu ila maji mapya yawe yameshatiwa kopa kipimo hichohicho.

Kuna mtu atakuja kukuambia ushushe chumvi. Hiyo inasaidia madoa meupe, velveti haijali, inavumilia chumvi kidogo sana mpaka nyingi sana.

samaki_chumvi

Nimemulika. Lipo. Kwenye mapezi ya juu kama vumbi la dhahabu, nimelia kwa kweli. Klauni hawana ute. Nawatoa sasa hivi wote watatu, gobi ameingia ndani ya mwamba simpati.

samaki_chumvi

Siku ya tatu, narudisha majibu. Klauni mdogo alikufa usiku uleule, nilimkuta saa kumi alfajiri. Kangaja usiku wa kwanza sikuwa na matumaini kabisa, alikuwa amelala chini anahema juujuu, nilikaa naye. Kopa ilifika 2.1 jana mchana. Leo amehema 92 na ameokota kipande cha nori, kidogo sana lakini amekimeza. Klauni mkubwa 80. Gobi nimemkamata leo baada ya kutoa mawe karibu yote, naye nimemweka kwenye kopa ingawa anaonekana mzima. Amonia hospitalini ilipanda mpaka 0.25 nikabadilisha robo ya maji.

pezi_refu

Pole sana kwa klauni mkuu, na naomba radhi kwa ushauri wangu wa mwanzo, ungenisikiliza ungepoteza wote. Nimeenda kuhesabu pumzi za wangu leo, kumbe miaka yote sijawahi kujua kawaida yao ni ngapi, nimeandika kwenye karatasi nikabandika kwenye kabati. Swali, kwa sasa tangi kubwa lina kamba na matumbawe tu, hao hawabaki na ugonjwa?

fundi_filta

Hawaugui, kimelea kinahitaji samaki. Lakini vile vilivyodondoka vinaweza kukaa kwenye magamba ya kamba, kwenye konokono, kwenye jiwe, wakisubiri. Bila samaki vinakufa vyenyewe. Kwa velveti wengi wanaacha wiki 6, ila kwa kuwa hujui kama gobi alileta na madoa meupe pia mimi ningeacha siku 76. Endelea kuwalisha kamba kidogo. Na tangi la hospitali likae mbali, mita 3 au zaidi, matone ya maji yanayoruka kwenye jiwe la hewa yanaweza kubeba velveti, wavu na mikono usishirikishe kati ya matangi mawili.

Halafu kaka, si kwa ubaya, lita 400 zitamtosha kangaja kwa sasa tu. Anafika sentimita 30. Akipona anza kufikiria hilo.

samaki_chumvi

Sawa kaka, nimekusikia na hilo la ukubwa, nilikuwa najua moyoni. Sasa siku 76 nahesabu kuanzia lini, siku niliyotoa kangaja na klauni?

bi_matumbawe

Hapana mdogo wangu, kuanzia leo. Mpaka leo gobi alikuwa bado ndani anavilisha vimelea.