Sensa za unyevu wa udongo: LoRa, Zigbee au laini ya simu?

Kitunguu_Mangola: Habari za jioni wakuu. Nina ekari sita za vitunguu Mang'ola. Zamu yangu ya maji ya mfereji ikifika nakisia tu jaruba lipi linywe kwanza, na msimu uliopita upande wa chini ulioza. Nataka kufukia sensa 12 zisizotumia waya. Taarifa zipite kwa LoRa (redio ya masafa marefu), Zigbee (redio ya masafa mafupi) au laini ya simu? Nichague ipi?

FundiRedio: Laini kwa kila sensa sahau, mkuu. Moduli ya GSM, yaani kifaa cha laini ya simu, ikirusha huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mpigo, betri ndogo haimudu, na bado kuna vocha 12. Zigbee hula umeme kidogo na sensa hupokezana taarifa hadi zifike nyumbani, ila iko kwenye masafa ya 2.4 GHz, na majani yaliyojaa maji hunyonya mawimbi hayo. Kwenye mahindi yangu mtandao ulikuwa safi yakiwa magotini. Yalipotoa mbelewele, nusu ya sensa zikapotea.

BintiLaikipia: Kupokezana tusikudharau. Huku kwetu Laikipia, Kenya, mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia kola zenye GPS na redio, mradi wa ZebraNet. Pundamilia wakikaribiana, kola zilipeana kumbukumbu, hivyo mtafiti akimpitia mmoja kwa gari anapata habari za wengine ambao hajawaona. Lakini hiyo inafaa kwa kinachotembea. Shambani kwako chukua LoRa.

FundiRedio: Naunga mkono. Antena moja juu ya nguzo, penye uwazi inafika kilomita kadhaa, na laini ni moja tu kwenye kipokezi. Hubeba baiti chache, picha haipiti. Unyevu mara moja kwa saa hauhitaji zaidi.

Mama_Bustani: Redio mmeimaliza, sensa yenyewe je? Zile za vijiti viwili vya chuma huliwa na kutu, zangu hazikumaliza msimu. Bonde lenu la Eyasi lina chumvi, na chumvi huzidanganya sana. Nunua za kapasitivu, ambazo chuma chake hakigusi udongo, ziba kingo za bodi kwa epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji). Halafu zipime kwenye udongo wako mwenyewe, mkavu kisha uliolowa, uandike namba zote mbili. Bila hivyo utasoma tarakimu zisizo na maana.

Kitunguu_Mangola: Asante mama. Nitaanza na chache, pale palipooza. Nifukie kina gani?

Mama_Bustani: Mizizi ya kitunguu ni mifupi. Moja sentimita 15, nyingine 30 hapohapo. Ya chini ikianza kulowa, maji yameshapita mizizi: funga jaruba, peleka kwingine.