Tupeane uzoefu: tiketi moja, ndege za mashirika mawili. Ulifika salama au ulikiona?

Mtoto wa Kikwajuni:
Assalam alaykum. Nimetoka kumsindikiza shangazi uwanja wa ndege wa Kisauni, jengo la tatu, anakwenda kwa mwanawe London. Tiketi moja, ndege ya kwanza ya shirika hili, ya pili ya shirika jengine, wote wamo kwenye muungano mmoja wa kubadilishana abiria. Karatasi imeandika mabegi mawili ya kilo 23. Kaunta wanamwambia moja. Ubishi mpaka foleni nzima ikawa inatusikiliza, na shangazi mwenyewe kakaa juu ya begi la pili, anasema halua haibaki. Alipokuja mkubwa wao akatazama kompyuta, akasema sawa, mawili. Hata samahani hatukuambiwa.

Sasa nauliza nyie mnaosafiri. Hii miungano ya mashirika, Star Alliance, SkyTeam na oneworld, inatusaidia sie abiria au wanasaidiana wao kwa wao? Matangazo siyataki. Nataka yaliyokukuta, na jina la shirika liwache, tusije tukaitwa.

Pilipili Hoho:
Nimeona "muungano" nikavuta kiti, nikajua leo kero zote zinamwagwa. Kumbe ndege. Haya endeleeni.

Mzee wa Tiketi:
Mwanangu, shangazi yako alikuwa na haki, na yule wa kaunta naye hakuzua. Kila shirika lina kipimo chake cha mizigo, na kuingia kwenye muungano hakujavifuta hivyo vipimo. Tiketi ikiwa moja, kwa kawaida kinachofuatwa ni kile kilichoandikwa kwenye tiketi kwa safari nzima. Lakini wa kaunta kazoea kipimo cha ndege yake, ndicho kinachomjia mdomoni. Ndo maana wateja wangu nawaambia wachapishe karatasi. Simu huzima pale pale inapotakiwa.

Jengine: tazameni ule mstari mdogo chini ya namba ya ndege, unaosema inarushwa na nani. Unaweza kununua kwa shirika ulipendalo, namba ikawa yake, ukaja ukapanda ndege ya mwengine kabisa. Na huyo mwengine si lazima wawe muungano mmoja. Emirates hayumo katika yote mitatu na bado ana makubaliano na mashirika chungu nzima.

Toronto Baridi:
Mie siwezi kuusema vibaya. Nina kadi ya dhahabu ya Star Alliance, napewa kilo 20 za ziada, au begi moja zaidi pale wanapohesabu kwa mabegi. Launji naingia, naswali, nakula, nalala. Turkish yumo tangu 2008, Ethiopian tangu 2011, na wote wanatua Unguja, kwa hiyo safari za kazini kwangu Canada zinanihesabikia mpaka nyumbani. Nyie mnaolalamika jiungeni, ni bure.

Chumbe:
Hongera na launji yako. Sie tunaokata daraja la bei ya chini kabisa pointi zetu hazinunui hata chai, na kuna madaraja ambayo ukipanda ndege ya shirika mwenza huhesabiwi kitu. Star Alliance walianza mashirika matano 1997, oneworld wakafuata 1999 na SkyTeam 2000. Leo baina ya Ulaya na Marekani wapo wanaopanga bei na ratiba pamoja na kugawana mapato, kwa ruhusa ya serikali zao. Sasa hapo nani anashindana na nani?

Toronto Baridi:
Na bila ya kuunganisha, shirika gani moja litakutoa Kisauni mpaka Winnipeg?

Chumbe:
Winnipeg naenda kufanya nini mie?

Bi Achari:
Nyie mnagombana kwa pointi. Mie nilimpeleka mama matibabu, miguu haimbebi. Tukaomba kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi. Ndege ya kwanza wakaleta, tena kijana mstaarabu kweli. Kufika kwa kubadilishia, hao wa pili wanasema kwenye orodha yao hakuna mgonjwa. Muungano mmoja, tiketi moja! Pesa wanapeana, habari hawapeani. Mpaka kiti kinapatikana ndege imeshafunga mlango.

Mama Kachori:
Haya ya viti yamenikuta na mie, kwa baba mkwe. Wallahi sisemi zaidi.

Mgeni Nyumbani:
Bi Achari, shikamoo. Umenitonesha. Mie ndege iliniwacha nikiwa bwana harusi.

Naishi Denmark. Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya laasiri, msikiti wa kwetu Fuoni, na mie nilitakiwa nitue Alkhamisi mchana. Tiketi moja, mashirika mawili ya muungano mmoja, saa moja na dakika kumi za kubadilisha ndege. Mfumo wao wenyewe ndio uliosema zinatosha, mie sikuchagua. Ndege ya kwanza ikakaa chini, mara breki, mara karatasi ya fundi. Tulipotua nikashuka mbio, kanzu na joho nimevishika mkononi ndani ya mfuko wa nailoni, maana bi mkubwa alinionya nisivitie kwenye begi la chini. Nafika langoni, mlango umefungwa. Ndege naiona kwenye kioo, ngazi bado hawajaiondoa.

Nikenda kaunta ya shirika la pili. "Sisi hatukuchelewa, nenda kwa waliokuleta." Nikenda kwa walionileta. Pale hawana mtu, wamebandika karatasi yenye namba ya simu. Napiga, naambiwa tiketi sasa iko mikononi mwa shirika la pili, niongee nao. Nikarudi. Nikarudishwa. Nimetembea baina ya zile kaunta mpaka mfagiaji akawa kila nikipita ananiuliza kwa kichwa: bado?

Usiku ndipo dada mmoja, wala si wa hayo mashirika mawili, ni wa shirika la tatu la muungano huo huo, akaniuliza ile nguo nyeupe ni ya nini. Nikamwambia. Akainua simu, akasema maneno mawili matatu, na haikufika robo saa nimewekwa kwenye ndege, nimepewa hoteli na karatasi ya chakula. Kwa hiyo kaka Toronto, siusemi vibaya muungano moja kwa moja. Ila ndege yenyewe ya kesho jioni. Maana yake natua Jumamosi, na watu wamealikwa Ijumaa.

Nikampigia ami. Nilitegemea kelele. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ng'ombe keshachinjwa. Weka wakala." Basi, Ijumaa laasiri mie niko kwenye kiti cha chuma karibu na lango, simu imechomekwa ukutani, nasikiliza khutba ya nikaha. Kaka yangu akakubali kwa niaba yangu. Kule watu wanaitikia, huku kwangu wanatangaza abiria wa Manila wajipange. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa pembeni kaniona nafuta macho, akanipa pipi. Nimeolea transiti, yakhe.

Pilipili Hoho:
Subiri kwanza. Fuoni? Bwana harusi hayupo, kaka mtu kavaa miwani? Biriani lile nimelila mie!

Mama Kachori:
Nimecheka mpaka mume wangu ananiuliza nina nini. Bi harusi alisemaje?

Ustadh wa Mtaa:
Ndoa kwa uwakala inasihi, hilo halina ubishi, mume anaruhusika kumuweka mtu amkubalie. Ila kuna jambo. Kaka alitamka "nimekubali kwa niaba ya fulani", au alisema "nimekubali" tu akanyamaza? Maana akinyamaza hapo, suala linakuwa jengine.

Chumbe:
Ustadh unataka kumvunjia mtu nyumba kwa ajili ya ndege kuchelewa?

Ustadh wa Mtaa:
Nauliza elimu. Wewe ulizia tiketi.

Mgeni Nyumbani:
Ametamka jina langu mpaka la babu. Kadhi alimrudisha kulitamka tena. Msianze.

Mtoto wa Kikwajuni:
Jamani mada ya nikaha ifungulieni uzi wake. Tuko kwenye ndege.

Mzee wa Tiketi:
Bwana harusi, ulidai haki yako? Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inamlinda kila anayeruka kutoka nchi za Umoja wa Ulaya, shirika liwe la wapi. Safari ikipita kilomita 3,500 na ukafika umechelewa saa nne au zaidi, ni euro 600. Udhuru wao ni yale yasiyoepukika, mfano hali ya hewa. Hitilafu ya kawaida ya ndege haimo. Na tiketi ikiwa moja, safari inahesabiwa moja mpaka unapofika mwisho. 2019 mahakama yao iliamua kesi ya abiria waliotoka Prague kwenda Bangkok kupitia Abu Dhabi: aliyechelewa ni shirika la pili, si la Ulaya, lakini aliyebebeshwa malipo ni wa Ulaya aliyewatoa Prague, kwa sababu bukingi ilikuwa moja.

Kinyume chake sicho. Ukitoka Unguja kwenda Ulaya, kanuni hiyo inakufuata ukiwa umepanda ndege ya shirika la Ulaya tu.

Mgeni Nyumbani:
Nililipwa, baada ya barua nyingi. Mke wangu kasema ni zake, yeye ndiye aliyengojeshwa.

Mama Kachori:
Na ni zake.

Wete Kwetu:
Nyie wa Unguja mnalia na vya kulia navyo. Huo muungano wenu unaishia Kisauni. Sie Pemba kituo cha mwisho ni tiketi ya peke yake, ndege ndogo, na nyingi ya hizo zinakupa kilo 15. Umetoka Muscat na kilo zako zote kihalali, unafika pale unaambiwa uchague, wewe au mzigo. Mie huteremka bandarini Malindi, hapo hapo Unguja, nikasubiri boti. Na ndege ya mbali ikichelewa, ile ndogo hainijui, nauli imekwenda.

Bi Achari:
Pole mwanangu. Halafu hutokea begi limechelewa na wewe umeshavuka Pemba. Nani anakuletea?

Wete Kwetu:
Hakuna. Naambiwa nilifuate. Lilikuwa na dawa za bibi.

Toronto Baridi:
Begi likikosekana dai kwa shirika la mwisho, ndilo lililokufikisha.

Chumbe:
Hapana, dai kwa aliyekuuzia. Wa mwisho atakuzungusha.

Mzee wa Tiketi:
Nyote wawili punguzeni sauti. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Kwa mzigo unaweza kumdai wa kwanza, wa mwisho, au yule aliyekuwa nao ulipopotea. Ila usitoke uwanjani kabla hujaandikisha na kupewa namba ya ripoti. Begi likifika limevunjika, siku 7 kuandika. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na kabla hujaachana nalo kaunta, soma herufi kwenye tagi. Iwe ZNZ, ndiyo Unguja, si mji wa kati.

Pilipili Hoho:
Mie nalifunga kanga nyekundu. Halijapotea hata siku moja, na mkataba siujui.

Chumbe:
Nyote mnazunguka. Dawa ni kukata tiketi mbili mbali mbali, bei inashuka, na hakuna wa kukurushia mpira.

Mzee wa Tiketi:
Hakuna wa kukurushia kwa sababu hakuna wa kukudaka. Daladala ya 505 ikiharibika Kiembesamaki, konda anakutafutia gari nyengine na hulipi tena. Ukishuka mwenyewe ukapanda nyengine, unalipa. Tiketi mbili ndo hivyo. Ya kwanza ikichelewa, wa pili anakuandika hukutokea, basi. Tena unachukua begi, unapita uhamiaji, unaingia upya, na kama nchi ile inataka viza ndo huvuki. Mie ukiniuliza, muungano si kitu cha kwanza. Cha kwanza bukingi iwe moja, cha pili ujue anayerusha ni nani. Nembo za mkiani tazama mwisho.

Toronto Baridi:
Nembo ndo iliyompatia bwana harusi yule dada.

Mzee wa Tiketi:
Nguo nyeupe ndo iliyompatia.

Chumbe:
Semeni mtakavyo. Mie Shaabani naenda Guangzhou kuchukua mzigo, tiketi mbili, nimeshakata, nimeokoa pesa nzuri.

Mzee wa Tiketi:
Kati ya ndege na ndege umejiwekea muda gani?

Chumbe:
Saa mbili.

Mgeni Nyumbani:
Basi weka wakala mapema.